Saa za Kazi za Bibi Harusi

Kazi yangu ni kuandika majina. Mitumbwi unayoiona imelala kwenye mwalo wa Rumonge, ile yenye maandishi ya rangi ubavuni, mingi imepita mkononi mwangu. "Mungu Anajua" peke yake nimeiandika mara kumi na nne, na katika hiyo kumi na nne miwili imezama. Nimeandika vibao vya wauza mawese, vya vinyozi, vya mafundi simu, na kimoja cha mganga aliyetaka aitwe profesa. Hakuna aliyewahi kuniuliza maoni yangu kuhusu ninachoandika, nami sijawahi kuyatoa. Nalisema hili mapema ili asitokee mtu wa kuniuliza kwa nini nilikiandika kile kibao cha Mawe Moto. Nilikiandika kwa sababu nililetewa ubao na rangi, nikaambiwa andika.

Ila habari hii si yangu, ni ya dada Mwasiti, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Namwita dada kwa sababu amenizidi miaka mitatu na kwa sababu nikimwita jina kavu ananitupia kandambili. Ni mfupi, mwenye mikono minene, na hajui kutembea polepole. Anaanika ndagala. Ameanika ndagala tangu ana miaka tisa, na sasa yuko karibu na sitini.

Mtu asiyejua anaweza kudhani kuanika ndagala ni kumwaga samaki juani kisha kwenda kulala. Mwambie hivyo Mwasiti, halafu kimbia. Ndagala hutoka ziwani alfajiri, wadogo kama kidole cha mtoto, na wanaanza kuharibika kabla hujamaliza kusalimiana na mwenye mtumbwi. Lazima uwasambaze kabla jua halijapanda, uwageuze kwa fagio laini la makuti ya mchikichi, uwakusanye kabla ya unyevu wa jioni. Wanawake wengi wanaanika mchangani, pale pale mwaloni. Mchanga huingia kwenye ndagala, ndagala huingia kwenye mchuzi, na wewe unatafuna nusu ya Burundi kwa ugali. Masika wakianza kulowana ndio basi tena, wanageuka rangi na kunuka, na jasho la siku nzima unawapa bata.

Ndagala wa Mwasiti hawakuwa na mchanga. Wanunuzi wa Bujumbura waliwajua kwa kuwatia mdomoni tu. Hakuwaanika mwaloni, aliwaanika Mawe Moto, mwendo wa saa moja kwa miguu kusini ya mji, njia ya kwenda Kigwena. Pale ufuko hauna mchanga. Kuna mawe meusi mapana, yamelala hadi majini, na chini yake yanapita maji ya moto kama yale ya Mugara, kiasi kwamba hata siku ya mawingu ukikaa juu yake unapata joto la makalio. Mtaalamu mmoja alipita akasema huo ni moto wa chini ya ardhi uliotapika zamani za kale. Mwenzake akasema hapana, hayo ni mawe tu. Walibishana pale pale mpaka sauti zikapanda, kisha wakaingia gari moja wakaondoka, na sisi tukabaki na mawe yetu bila kujua ni ya aina gani. Jambo tulilolijua ni kwamba ndagala aliyemwagwa pale asubuhi, adhuhuri amekauka.

Mwisho wa mawe hayo iko meli. Wenyewe tunaiita bato. Ni chuma kitupu kilicholala ubavu, chekundu kwa kutu, na kwenye kichwa chake bado yanasomeka maandishi, "Uvumilivu". Hayo hayakuandikwa na mimi. Mwandishi wake alikuwa na mkono mzuri.

Na kwenye bato kuna bibi harusi. Hadithi yake kila mtu wa huku anaijua. Wanasema alikuwa msichana mzuri, mwembamba, aliyekuwa anapelekwa kwa mumewe Kigoma. Nahodha alikuwa mtu wa kiburi, akapita mbele ya mawe bila kumwaga mawese majini kuwasalimu wenye ziwa. Ziwa likakasirika, bato likapasuka, bibi harusi akafa na hina mikononi. Tangu siku hiyo anatoka kukausha nywele zake juu ya mawe yale meusi. Anatoka jua linapochomoza na kurudi ndani alasiri. Atakayekanyaga mawe katika saa hizo atakauka tumbo ikiwa ni mwanamke, na ikiwa ni mwanamume atakauka mahali ambapo sitapataja. Siku za mwezi mpevu hatoki. Siku za mwezi mpevu mawe ni ya kila mtu.

Nilikuwa na miaka ishirini hivi nilipoanza kujiuliza maswali. Majini ya kwingine yote hupenda mwezi mpevu, hutoka kucheza. La kwetu linachukua likizo. Na mbona linatoka mchana, tena asubuhi, kama mtumishi wa ofisi ya komine? Nilikuwa naandika mtumbwi wa watu siku hiyo, wavuvi wamelala kivulini hawana kazi, kwa sababu mwezi ukiwa mkubwa ndagala hawafuati taa na hakuna anayeingia ziwani. Nikaweka brashi chini. Wakati hakuna ndagala, hakuna jini. Wakati wa kuanika, jini yupo kazini. Na mtu mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kukanyaga mawe katika saa za jini, naye alikuwa Bi Esha, mama yake Mwasiti, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, ndiye aliyeufunika mwili wa bibi harusi kwa kanga yake ulipotupwa ufukoni.

Nilikwenda kumuuliza Mwasiti. Hakukataa. Alinitazama, akaingia ndani, akatoka na kibaba cha ndagala wakavu. "Karimu ndugu yangu," akasema, "mudomo wako ukae kula." Nikala. Nimekula miaka thelathini na tano, kila wiki kibaba, na nimenyamaza.

Ukweli wenyewe nilikuwa nao tangu utotoni, kipande kipande, ila sikuwahi kuviunganisha. Nilikuwa darasa la tatu. Uvumilivu ilitoka Kalemie na shehena ya saruji, ikatia nanga kwetu. Siku hiyo kulikuwa na harusi mtaani, Mariam, binti wa mjomba wa Bi Esha, akiolewa na fundi baiskeli wa Nyanza-Lac. Nahodha na mabaharia wake walisikia ngoma wakapanda mjini kula pilau. Harusi ilikuwa nzuri, chakula kilitosha hata wasioalikwa, na nazungumza kama mmoja wao. Upepo wa kaskazini ukavuma, kamba kuukuu ikakatika, na meli ikaenda zake bila nahodha, bila abiria, mpaka juu ya Mawe Moto. Hakufa mtu. Hakufa hata kuku.

Mwenye meli akaja kutoka Kongo, akaitazama, akalia, akaondoka. Saruji ikaondoka pia, mfuko mmoja mmoja, vichwani mwa watu. Nyumba nyingi za mtaa wetu zina sakafu tangu mwaka ule. Basi askari walipokuja kuuliza saruji imekwenda wapi, na Bi Esha akawa tayari ameleta habari ya ziwa lililokasirika na bibi harusi aliyezama, mtaa mzima uliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa habari nzuri sana. Kila mwenye sakafu mpya aliapa kwamba alisikia kilio.

Kabla ya bato, wanawake wanane walikuwa wakianika pale, kila mmoja na nafasi yake, wakigombana kama kawaida ya watu wanane na mawe. Bi Esha alikuwa mjane, nafasi yake ilikuwa mbaya, juu kabisa karibu na majani ambako jua huchelewa. Wiki mbili baada ya bato, alikuwa na mawe yote. Alimkalisha Mwasiti, mtoto wa miaka kumi na miwili, akamwambia jinsi alivyoitunga hadithi tangu mwanzo hadi mwisho. "Sasa wewe unajua na mimi ninajua," akasema. "Ukisema, tutakula mchanga."

Usidhani Mwasiti aliila bure ile hadithi. Nani atataka kuoa binti wa rafiki wa jini? Vijana walimpitia mbali. Wanawake hawakumwita kwenye arobaini za watoto wao, wasije wakakaushwa. Alikaa kwao mpaka miaka thelathini na mmoja, akaolewa na mtu wa kutoka Fizi ambaye hakuwa amesikia habari za mawe yetu, na alipokuja kuzisikia walishapata watoto wawili na alikuwa amezoea chakula. Mungu alimchukua mapema, maradhi ya ini. Kisha Bi Esha naye akafa. Mwasiti akabaki na ndagala, na mawe, na ule uongo, na mambo matatu hayo aliyabeba kwa nguvu zile zile.

Vita vilikuja, watu wakatawanyika, wengine wakarudi, na waliorudi hawakurudi na kumbukumbu za saruji. Wengi wa walioiba wakazeeka wakafa. Hadithi ilibaki.

Hapo ndipo alipokuja Revokatus.

Simchukii Revokatus, ingawa nimejaribu. Alizaliwa kambini Tanzania, upande wa Kigoma, akarudi mtu mzima kwenye nchi ambayo wazazi wake walikuwa wakiilia usiku na ambayo yeye hakuwahi kuiona. Ni mwalimu, anavaa shati lililopigwa pasi, anasema Kiswahili cha vitabu mpaka unaona haya kumjibu. Mtu wa namna hiyo, aliyekulia mahali pasipo na jina ila namba ya kijiji, ukimpa mahali penye bibi harusi na bato na ziwa lililokasirika, atapakumbatia. Aliandika hadithi yote kwenye daftari. Akaitia mtandaoni kwa simu, na picha ya bato jua likizama. Watu wa Bujumbura wakaanza kuja.

Walikuja Jumamosi na Jumapili, na magari, na muziki, na watoto waliokunywa soda. Jini ambalo liliwafukuza watu wa Rumonge zaidi ya miaka arobaini halikuwafukuza hawa, maana wao ndio walikuwa wamekuja kuliona. Walitaka kukanyaga mawe katika saa zilizokatazwa, ndiyo raha yenyewe. Walikanyaga, wakapiga kelele, wakapigana picha. Na chini ya viatu vyao walikuwa ndagala wa Mwasiti.

"Mama, hizi samaki zinanuka," dada mmoja wa kofia kubwa alimwambia, kwa upole kabisa. "Haiwezekani muziweke pengine?"

"Bibi harusi je," Mwasiti akamjibu, "yeye hanuki? Iko maji miaka arobaini."

Yule dada akacheka, akamwomba wapige picha pamoja.

Mwezi wa tano likatoka neno kutoka ofisi ya komine, kwamba Mawe Moto patasafishwa pawe mahali pa wageni. Vitajengwa vibanda, itawekwa njia, na kuanika samaki kutakoma. Kutakuwa na mkutano watu watoe maoni, na sote tunajua mkutano wa kutoa maoni huitishwa wakati gani.

Jioni ile Mwasiti alikuja kwangu akakaa juu ya kopo la rangi. Sikuwahi kumwona amekaa bila kufanya kitu.

"Karimu, wakinitoa pale miye ni mtu wa nini?" akaniuliza. "Sina shamba. Sina kitu ingine nilifunzwa. Nitaenda kuanika muchanga na uzee huu?"

Nikamwambia aombe apewe kona.

"Kona!" Alisimama. "Hapana. Nitasema ukweli. Hadithi ikifa, hao watu hawarudi. Watakuja kuangalia nini, chuma?"

Nilifurahi, kusema kweli. Nilidhani ukweli ukisemwa mbele za watu una nguvu. Nilikuwa na miaka hamsini na kitu nikidhani hivyo.

Tena alikuwa na ushahidi ambao hakimu yeyote angeutamani, alikuwa na bibi harusi mwenyewe. Mariam, ambaye harusi yake ndiyo iliyozaa hadithi, yuko hai Nyanza-Lac, mjane wa fundi baiskeli, mama wa watoto saba, anauza mawese kwa chupa. Mwasiti alipanda gari kwenda kumchukua. Mariam alikuwa hajui kwamba alikufa, au tuseme alisikia uvumi akadhani ni mwingine. Alikubali kuja, na alikuja amevaa vitenge vipya na dhahabu masikioni, maana ni mara ngapi mtu anaitwa kwenye mkutano kuthibitisha kwamba yupo?

Mkutano ulifanyika chini ya turubai, hapo hapo karibu na mawe. Mezani alikaa mtu wa ofisini na Revokatus na daftari lake. Mbele walikaa wavuvi. Nyuma kabisa, chini, walikaa wanawake wa mwaloni, wale wanaoanika mchangani. Sijui nani aliwaita. Nilikuwa nimesimama pembeni nikiwatazama wote.

Mwasiti alisema bila kuzunguka. "Amahoro. Ile hadithi iko uongo. Mama yangu, marehemu Esha, njo aliitunga, sababu ya kuanika ndagala. Bato haikuwa na mutu. Bibi harusi hakufa. Iko hapa." Akamshika Mariam mkono akamsimamisha. "Huyu."

Mariam akanyoosha kitenge. "Njo mimi," akasema. "Niliolewa siku ile. Sikupanda bato, nilipanda baiskeli."

Kisha akasimama mzee Lameki, mvuvi wa taa, mtu anayeheshimika, amekaa ziwani miaka yote hiyo. Alimtazama Mariam kuanzia utosi mpaka viatu, polepole, kama anayekagua mtumbwi wa kununua.

"Huyu hapana," akasema Lameki. "Bibi harusi ni mwembamba. Mimi nimemuona mara tatu."

Wavuvi wakaitikia kwamba ndiyo, ni mwembamba. Mmoja akaongeza kwamba ni mweupe. Mwingine akasema shingo yake ni ndefu. Mariam, ambaye alisafiri nusu siku kuja kuthibitisha kwamba ni yeye, akaanza kubishana juu ya shingo yake zamani ilikuwaje, akasema waulizeni watu wa umri wangu, akasema hata kiuno kilikuwepo. Walicheka mpaka turubai likatikisika. Mwasiti alisimama katikati ya kicheko kile, midomo imemkauka, na mimi nilikuwa na neno moja la kusema, kwamba nilikula pilau ya harusi ile na kwamba sakafu ya baba yangu ni saruji ya bato. Sikulisema. Mjomba wangu alikuwa amekaa mstari wa pili, na sakafu yake ni kubwa kuliko yetu.

Kule mbele, Revokatus ndiye pekee ambaye hakucheka. "Mama Mwasiti," akasema, "mimi nimekulia mahali pasipo na hadithi hata moja. Tafadhali usituvunjie hii."

"Si yenu!" Mwasiti akapaza sauti. "Ni ya mama yangu!"

Na hapo ndipo alipojimaliza, maana kila mtu aliitikia kwa kichwa. Bila shaka ni ya mama yake. Ni ukoo wa walinzi wa jini. Lameki akaeleza mezani kwamba jini likitaka kujificha humtuma mlinzi wake alikane, jambo linalojulikana. Revokatus akaandika. Mtu wa ofisini, ambaye hakuwa mbaya na alikuwa na njaa, akasema kwamba amesikia pande zote na anaona mila inapaswa kuheshimiwa. Vibanda vitajengwa nyuma, mbali. Mawe yenyewe yatazungushiwa kamba, na hatapita mtu yeyote, mgeni au mwenyeji au mlinzi, katika saa za bibi harusi.

Katika mkutano mzima, nafikiri waliomwamini Mwasiti walikuwa wale wanawake wa nyuma tu. Hawakucheka. Waliinuka, wakapangusa vumbi kwenye vitenge, wakarudi mwaloni kugeuza ndagala zao.

Kibao nilikiandika wiki iliyofuata, herufi nyeupe juu ya rangi ya buluu. "Mawe Moto. Mahali pa Mila. Ni marufuku kukanyaga mawe kuanzia jua linapochomoza hadi alasiri, isipokuwa siku za mwezi mpevu." Saa zile zile za Bi Esha, bila kupungua hata dakika. Mwanamke aliyefariki, asiyejua kusoma, amewekewa sheria yake kwenye ubao na muhuri wa komine. Nilijitahidi sana kwenye herufi. Mwasiti alipita nikiwa namalizia neno la mwisho, akasimama nyuma yangu, akakisoma chote. Nilingoja kandambili. Haikuja, na hilo liliniumiza zaidi.

"Mama alijua kazi," akasema, akaenda zake.

Wageni wanakuja hadi leo. Wanasimama nyuma ya kamba, wanatazama mawe matupu, na wote wanasema wanahisi kitu.

Mwasiti alikaa nyumbani siku tisa. Siku ya kumi, kabla ya jua, nilikuwa mwaloni naandika mtumbwi wa kijana mmoja aliyetaka uitwe "Mwisho wa Masengenyo", nikamwona anakuja na karai la ndagala kichwani, anatembea polepole. Nimekwisha kusema kwamba hajui kutembea polepole. Alipita kati ya wanawake akitafuta mahali. Mwaloni kila kipande cha mchanga kina mwenyewe, hata kama hakina alama. Kila alipopunguza mwendo, mtu alisogeza turubai lake kidogo, kuziba. Hawakumtukana. Alifika mwisho kabisa, ambako malori ya kupakia hugeuzia na mchanga una mafuta, na hata pale palikuwa na mtu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu anayeitwa Chanceline, ana mtoto mgongoni na fagio mkononi.

Sikuwa mbali. Niliacha brashi ndani ya kopo.

"Amahoro, mama," Chanceline akasema.

"Amahoro, binti."

"Nilikuwa kwa mukutano." Aliendelea kusambaza ndagala zake. "Mama yangu alikuwa anaanika pale kwa mawe. Alikuwa mumoja wa wale wanane. Nafasi yake ilikuwa karibu na maji, njo ya kwanza kupata jua. Akatoka sababu ya bibi harusi, aliogopa tumbo yake itakauka. Mvua ya mwaka ule ndagala zake zilioza zote kwa muchanga, akaacha, akaenda kulima kwa mashamba ya watu. Miye nilizaliwa kwa shamba ya watu."

Mwasiti aliliweka karai sawa kichwani.

"Na mulijua ni uongo," Chanceline akasema. "Tangu lini?"

"Tangu mutoto."

"Miaka yote?"

"Yote."

"Mumesema siku walitaka kuwatoa."

Karai lilikuwa bado kichwani, maji ya samaki yanamtiririka shingoni hadi kwenye blauzi. Nilitamani ajibu kitu, chochote, kwamba mama yake alikuwa mjane, kwamba alikuwa mtoto, kwamba alichelewa kuolewa. Mambo hayo yote ni kweli. Nilitamani pia Chanceline asigeuke akaniona, maana na mimi nilijua, na bei yangu ilikuwa kibaba kimoja kwa wiki.

"Pale iko nafasi ya bamama wangapi?" Chanceline akauliza.

Mwasiti alifikiri. Alikuwa ameyajua mawe yale jiwe kwa jiwe, na nadhani ni mara ya kwanza katika maisha yake kuyapima kwa njia hiyo.

"Kumi," akasema. Kisha akasema, "Kumi na wawili, kama wanapendana."

Aliona haya. Nimemfahamu tangu utoto na sikuwahi kumwona na haya, hata siku ya turubai, hata mbele ya kibao. Machozi yalimtoka na hakuwa na mkono wa kuyafutia, yote miwili imeshika karai.

Mtoto mgongoni alianza kulia, Chanceline akamtikisa kidogo akanyamaza. Kisha akainama na fagio lake, akaanza kuvuta ndagala zake mwenyewe upande mmoja, taratibu, akizirundika nene kuliko inavyofaa, mpaka ukabaki mkanda wa mchanga mtupu, upana wa kama mkeka.

"Mwaga hapa, mama," akasema. "Zitaoza."